Baba Alipookoka

Mpendwa Wairimu,

Salamu kutoka Kabazi. Babu yako amepata nafuu, na viazi vimechipua vizuri. Unauliza kama kweli umezaliwa mara ya pili, ilhali bado unapandwa na hasira.

Baba yangu, mtu wa kukimbilia rungu akikasirika, aliokoka Jumapili moja. Kesho yake ng'ombe wa jirani walivunja ua, wakala mahindi yetu. Baba alitetemeka kwa hasira, kisha akawaswaga polepole hadi kwa mwenyewe.

Jirani akaja mbio kwa mama. "Mama Njeri, mzee ni mgonjwa?"

"Amezaliwa jana," mama akacheka. "Tunamlea."

Mjukuu wangu, baba aliendelea kutetemeka hivyo miaka mingi. Hakumpiga mtu tena.

Nyanya yako akupendaye,
Njeri