Sifuri ya Shimo la Nne

Jumatatu, 1 Novemba 1999

Saa mbili asubuhi. Shimo la Kwanza, tatu. La Pili, moja. La Tatu, nne. Rehema kaenda chooni, nimekaa kwenye kiti chake na kalamu. Birika liko jikoni, litachemka lenyewe.

Kazi yangu hapa kambi ya mgodi ni chai na vikombe. Hii ya kukodolea macho kompyuta ni ya mkwe wangu Rehema, mke wa mwanangu. Ana mimba ya miezi sita na kibofu hakimpi nafasi, kwa hiyo kanifundisha. Maneno ya wakubwa wa Mwanza yanaingia kwenye mashine na kupanga foleni kama ndoo kisimani. Kila shimo na foleni yake. Rehema anayatoa moja moja, anayasoma kwenye redio ya upepo, wachimbaji wanasikia. Akisoma moja, namba inapungua moja. Namba ikigeuka nyekundu, nimwite. Nimwite hata kama bado kachuchumaa.

Shule sikukanyaga. Herufi nilizipata kisomo cha watu wazima, mtoto mgongoni. Meneja akinikuta kwenye kiti anasema, "Bibi, chai." Nammiminia kikombe nusu.

Leo Rehema kaongeza mstari mpya kwenye skrini. Shimo jipya limefunguliwa, na mwanangu Shija yumo. Fundi aliyefunga mashine alisharudi Dar es Salaam. Kaandika mwenyewe, taratibu: SHIMO LA NNE. Mbele yake sifuri.

Jumanne, 2 Novemba

Mvua ya kwanza. Bati la ofisi linapiga kelele, Rehema anapaza sauti redioni.

Wachimbaji wa shimo jipya wanamtania. Wao wanaliita kwa Masunga, maana marehemu mume wangu ndiye aliyepiga sururu ya kwanza pale, kampuni haijafika. Hata karatasi za Mwanza zinaandika Masunga. Rehema anaita, "Nne, Nne, mnanisikia?"

"Hapa hakuna Nne, shemeji! Hapa ni kwa nani? Taja!"

"Mnajua siwezi. Msinichokoze."

Wanacheka mpaka redio inakoroma.

Hawezi kwa sababu yangu. Kwetu mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe. Halitamki, haliandiki, hata kama mzee yuko kaburini. Rehema ni wa Shinyanga mjini, alikuja hajui. Wiki ya kwanza alilitaja mbele ya wageni kama anaomba chumvi. Nilichukua ugali wake nikaumwaga uani, kuku wakala. Nikamwambia asikanyage jiko langu mpaka alete kuku wa faini. Alilia siku mbili. Kuku akaleta. Hajarudia.

Sasa nikimsikia anaita Nne, Nne, roho yangu inalainika. Nimemfunza vizuri huyu.

Chini kabisa ya skrini kuna mstari wa kijivu. Hauna jina la shimo. Leo una moja.

Jumatano, 3 Novemba

Shija alikuja redioni mwenyewe. "Mwangaluka, mayu," akanisalimia mama yake kwanza, akijua nasikiliza. Halafu akamwambia mkewe: kuta zinatoa jasho, gogo moja limepinda. Waulizeni Mwanza, tushuke au tusishuke?

Rehema kaandika swali, kalipeleka. Likaenda. Tunangoja jibu.

Mchana, La Nne sifuri. Saa kumi, sifuri. Saa kumi na moja, sifuri. Kijivu, tatu.

Shija alizaliwa baada ya mapacha, ndiyo maana ya jina lake. Mapacha wote wawili wamelala nyuma ya zizi. Nimebaki na huyu. Sitaki kuandika zaidi.

Alhamisi, 4 Novemba

La Nne sifuri. Kijivu tano.

Nilimwambia Rehema, huu mstari unanona na hakuna anayeuchinja. Akaenda kwa meneja. Nikamfuata na trei, ili niwe na sababu ya kusimama pale.

"Fundi alisema huo ni uchafu wa mashine," meneja akasema. "Mistari yako ni minne. Soma minne."

"Na swali la kuta, bwana?"

"Mwanza wangekuwa na neno wangesema. Wamenyamaza, basi kazi iendelee. Waambie washuke."

Nikadakia, "Tuufungue tu tuone ndani."

"Bibi, wewe kompyuta umesomea wapi?"

"Kwenye masufuria."

Wakacheka, yeye na karani wake. Rehema akarudi kwenye kiti, akashika redio, akamwambia mume wake ashuke. Mkono mwingine ulikuwa tumboni.

Nilitema mate kwenye birika la meneja. Naandika kwa kuwa ni kweli.

Ijumaa, 5 Novemba

Shija alikuja nyumbani mchana kula. Hakumaliza. Alikaa anautazama mchuzi, kisha akasema, "Mayu, lile shimo naliogopa."

Huyu mtoto hajawahi kuniambia anaogopa. Hata fisi alipoingia zizini hakusema.

Nikamjibu mimi. Hakuna mtu mwingine aliyekuwepo, ni mimi. Nilimwambia, "Nimekaa mbele ya ile mashine wiki nzima. Foleni yako ni sifuri. Nimeiona kwa macho yangu. Kungekuwa na shari, ingeandikwa pale. Baba yako alishuka na kamba ya katani na kibatari, hakuna aliyemwangalizia chochote."

Akacheka kidogo. Akasema haya, mayu. Nikamfungia matobolwa, viazi vyetu vya kukausha, kwenye kitambaa, anayapenda yale makavu. Akaenda.

Saa kumi, La Nne sifuri. Kijivu saba. Mvua tangu jana haijakata.

Jumamosi, 6 Novemba

Saa tatu asubuhi redio ilisema neno moja. Limetitia.

Rehema aliita Nne. Aliita mpaka sauti ikakauka. Mimi nilikuwa naangalia skrini. Sijui kwa nini niliangalia skrini.

La Nne, sifuri.

Jumapili, 7 Novemba

Walimtoa alasiri. Wenzake walichimba kwa mikono, greda la kampuni halikuletwa, eti barabara ina matope.

Mdomo wake ulijaa udongo. Niliutoa kwa kidole, kama nilivyokuwa namtoa uji akiwa mchanga. Matobolwa yalikuwa mfukoni. Hakuyagusa.

Jumatatu, 8 Novemba

Tumemzika nyuma ya zizi, kwa mapacha. Meneja kaleta mchele gunia moja. Ng'ombe wameukanyaga.

Jumatano, 10 Novemba

Injinia wa Mwanza alikuja na gari. Akawaita ofisini, Rehema na meneja. Mimi sikuitwa. Niliingia.

Injinia akasema, "Niliwajibu. Siku ile ile ya Jumatano. Nikarudia, nikarudia."

Meneja akamwonyesha Rehema kwa kidole. "Mwenye mashine huyu hapa."

Rehema hajavaa viatu tangu msiba. Akakaa. Akafungua mstari wa kijivu, ule wa uchafu. Saba, na kila moja juu yake limeandikwa linakokwenda: MASUNGA.

Injinia akaeleza, polepole, kama kwa watoto. Mashine haina akili. Inapeleka neno kwenye foleni yenye jina lile lile. Isipoiona, inalitupa kando, kwenye kijivu. Linakaa pale mpaka mtu alifungue. Fundi alipaswa kutuambia. Halafu akamwuliza Rehema, "Karatasi zote zinasema Masunga. Kwa nini wewe uliandika Nne?"

Rehema aliniangalia. Angeweza kunitaja pale mbele yao, wote wakanigeukia. Hakunitaja.

"Andika foleni ya jina hilo," injinia akasema, "ili yatoke." Vidole vya Rehema vikasimama juu ya herufi. Vikabaki hewani. Mume kafa kwa hilo jina, na bado hawezi kuliandika. Hivyo ndivyo nilivyomfunza.

Nikamsogeza. Nikaliandika mimi, kwa kidole kimoja. Injinia akabonyeza kinachobonyezwa. Kijivu ikawa sifuri. Masunga, saba. Nyekundu.

Nikasoma yote, moja moja, kwa sauti, kama yeye anavyowasomea wachimbaji. La kwanza, mapipa ya dizeli yanakuja Alhamisi. La pili, tuleteeni majina ya zamu. La tatu, msishuke, ngojeni nguzo mpya. La nne, msishuke, thibitisheni mmepata. La tano, msishuke, nguzo ziko njiani. La sita, Masunga, mbona kimya? La saba, kuna mtu hapo?

Nikamwuliza injinia, ulipoona kimya, mbona hukupanda gari? Akasema ilikuwa Ijumaa, ofisi inafungwa.

Ilikuwa Ijumaa. Nami Ijumaa nilikuwa namfungia matobolwa.

Alhamisi, 11 Novemba

Rehema kafukuzwa kazi. Uzembe, ndivyo barua inavyosema. Meneja yupo palepale. Kamtuma karani kuniambia nirudi, chai ya anayepika sasa haina ladha. Nilimwambia karani ladha ilikuwa mate yangu. Alikimbia bila kuaga.

Jana tukirudi, njiani, nilimchukia Rehema. Kwa hatua kama mia hivi. Niliwaza, msichana mjinga, kwa nini alinisikiliza. Halafu akajikwaa, nikamshika mkono, chuki ikaisha. Lakini ilikuwepo. Na iandikwe.

Leo wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, amekuja na wanawake wanne kutoka Didia. Kasimama uani anapaza sauti majirani wasikie. "Huyu wa mjini kamuua mtoto wetu kwa vidole! Afunge mizigo, arudi kwao, mtoto akizaliwa tutamfuata!"

Nikatoka na mwiko, ungali na ugali. "Nani alimkataza kuliandika lile jina?"

"Ni mila, wifi. Hata sisi tumekatazwa."

"Nani alimwaga ugali wake? Wewe ulikuwepo. Ulicheka mpaka ukashika mbavu."

Akajifunga khanga upya.

"Basi aliyeua mnamjua. Njooni mnifukuze mimi. Mlango huu hapa, na mwiko huu hapa."

Hawakuja. Walikaa kwenye mkeka, wakalia kidogo kwa adabu, wakaenda. Rehema alikuwa ndani, alisikia yote. Kwa hiyo sasa anajua kwamba najua. Alifagia mahali walipokaa.

Jumapili, 21 Novemba

Mvua imekata. Tulimenya karanga mchana, mimi na yeye. Mtoto anacheza tumboni, nguo inatikisika.

Nikamwambia, "Sema jina la baba mkwe wako."

"Mama, siwezi."

"Sema."

"Nitalipa tena kuku?"

Sikujua kama anatania. Macho yalikuwa kwenye karanga. Nikamwambia hakuna kuku. Nikamwambia mimi ndiye mwenye hilo jina, nimelala nalo miaka thelathini, na nimeamua.

Akageuza uso ukutani. Akalisema, kidogo tu, kama mtu anayeonja kitu cha moto.

Hakikutokea kitu. Jogoo alikuwa anachakura mlangoni, akaendelea kuchakura.

"Rudia," nikasema. Akarudia. Nikaenda jikoni nikasonga ugali, nikauleta, nikaukata katikati, upande mkubwa nikausogeza kwake.

Aliula wote.