Jina Ambayo Josée Alikataa Kuitikia

Maman Nsimire,

Nimetoka kwenye misa yako, mwaka moja toka tulikuzika. Kisha tulikula sombe kwako, watu wakacheka sawa vile ulikuwa unapenda. Nililia kidogo tu, usinikasirikie.

Unakumbuka ile siku ulitoka shuleni ukakuja kwangu, umenuna? Direkta wa shule yenu alikuwa amesema binti yangu Josée, mwanafunzi wako, ni kichwa nguvu, eti muhula ya trimestre ikiisha abaki nyumbani, awaachie wengine nafasi. Kila asubuhi, saa ya apeli, ukiita majina na watoto wanaitika 'prezan', yeye alikuwa anaziba masikio na kuingia chini ya meza. Halafu siku nzima hakuna kuandika, hakuna kusoma, ukimugusa, anauma. Ulikuja kuniuliza kama mutoto anasikia.

Niliita: "Josée, leta maji!" Akafika mbio, kopo mukononi. Ukasema:

"Kumbe anasikia! Sasa mbona nikiita Nabintu haitiki?"

Aka, Maman! Ni hapo nilielewa. Serikali ilikataza majina ya ubatizo sawa Josée, na baba yake akaenda kumuandikisha na jina ya mama yake mwenyewe, Nabintu, bila kutuambia. Na huyo Nabintu, tate yake, bibi muzaa baba, ndiye alimulea. Walikuwa wanalala mukeka mumoja mpaka siku tulimuzika. Mutoto alikuwa anasikia kila asubuhi munaita mutu mwenye iko kaburini!

Ulishika kichwa, ukacheka, kisha ukalia juu ya sahani yangu ya ndizi. Toka kesho yake uliruka ile jina kwenye apeli. Ulikuwa unapita tu na kuweka mukono juu ya meza yake. Saa ya mapumuziko unamuuliza Nabintu alipenda kupika nini, alikuwa anamuimbia nini. Na direkta ulimuambia: "Mukimufukuza, na mimi ninaenda." Niliogopa sana juu yako. Mpaka asubuhi moja ulisahau, ukaita Nabintu, na kutoka nyuma ya darasa ukasikia: "Prezan!"

Sasa iko sixième, darasa ya sita. Bado anasoma polepole, kidole chini ya musitari, na b na d zingali zinamuchanganya. Mwalimu mupya alianza kumukemea; nilienda kumueleza vile ulikuwa unafanya, na siku hizi anamungojea. Niko na furaha, sitakuficha.

Habari ingine: niko na mimba. Nilisema kama ni binti, ataitwa Nsimire. Josée (hapana, Nabintu, siku hizi ukimuita Josée ananuna) akasema: "Basi tuanze kumuita sasa, Maman. Asikute ni jina ya maiti tu." Toka hapo, kila jioni anaweka kinywa kwenye tumbo yangu na kuita: Nsimire! Nsimire!

Lala muzuri, rafiki yangu. Ninakuahidi, huyu hataanza kusikia jina yake shuleni. Jana alipoitwa, alipiga teke.

Mimi wako,
Mama Nabintu