Leo Nimelitoa Jina la Faki

Jumapili, Julai 2007

Jua limewaka tangu asubuhi, jua lile la London linalomfanya mtu aache koti nyumbani na kulijutia jioni. Nimechoka, lakini si uchovu wa kazini. Ni ule wa mtu aliyerudi kutoka kwenye shughuli.

Nilikwenda kutazama kabaddi. Mara ya kwanza bila Faki.

Mume wangu alifariki mwanzoni mwa Februari. Eda nimeimaliza mwezi uliopita, na Gurmit, aliyekuwa nahodha wa timu yake, aliisubiri iishe ndipo jana akaja hapa Queensbury kupiga hodi. Alivua viatu mlangoni, akakataa sambusa, nikajua ana jambo.

"Shemeji, leo sikuja kunywa chai tu," akasema. "Tuko na kijana mpya, Jaspal. Ako na mikono kama ya Faki, haki. Tumekuja kuomba jina."

Alisema "tumekuja" na alikuwa peke yake. Nikamwambia nitakwenda uwanjani nimtazame kwanza huyo kijana.

Niandike habari ya jina lenyewe, maana asiyekuwapo hatajua kwa nini neno moja limeninyima raha.

Faki wangu, Mpemba, alipata kazi mwaka 1992 katika ghala la vifaa vya ujenzi. Wenzake wengi walikuwa Makalasinga waliozaliwa Kisumu na Nairobi. Walipomwona anabeba mifuko ya saruji kama mito ya kulalia, wakamwambia Jumapili aje kucheza. Kipunjabi hakujua hata salamu. Basi wakawa wanamwelekeza kwa Kiswahili, kisha wakagundua faida yake: timu zote walizokutana nazo zilijua Kipunjabi, lakini hakuna aliyeelewa wakipiga kelele "anageukia kulia!"

Mchezo wenyewe si mgumu. Mtu mmoja anaingia upande wa wapinzani akisema kabaddi, kabaddi, kwa pumzi moja. Amguse mmoja wao, kisha akimbie kurudi kwake. Aliyeguswa ndiye peke yake anayeruhusiwa kumzuia. Wenzake hawana la kufanya ila kupiga makelele. Siku hizi pumzi haisikilizwi sana, refa anatazama saa. Faki hakulipenda hilo. Alisema saa haichoki.

Kila mchezaji mkubwa wa timu ile alikuwa na mtindo wake, na mtindo ulipewa jina la Kiswahili. Gurmit alikuwa Kibao. Alikuwa akiingia kwa wapinzani ametanua viganja, anamzaba mtu kifuani pwaa, na yule anapojikusanya Gurmit keshafika kwake. Balbir, mwembamba, mwenye masharubu, alikuwa Chura. Ukiinama kumkamata miguu anakuruka juu ya mabega. Watoto walikuwa wakimlilia aruke hata wakati wa chakula.

Faki alikuwa Kufuli.

Hakumkimbilia mtu. Alisimama ameinamisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza redio ya jirani, akangoja aguswe. Mgusaji akishageuka, Faki anashuka chini mzima mzima, anakumbatia kifundo cha mguu, uso wake umegusa shavu la mguu wa mwenzake, na mkono wa kulia umeshika kiwiko cha kushoto. Hapo basi. Nimewaona watu wazito wakimburuta kwenye majani kama gunia, na hawafiki.

Jina lilikuwa mali ya mwenye mtindo. Hakuna mwingine aliyeitwa hivyo mpaka mwenyewe astaafu, achague wa kumwachia, ampige kofi la mgongo mbele ya timu na kulitamka. Balbir alimwachia Chura mpwa wake. Faki aliacha kucheza goti lilipomsumbua, lakini Kufuli hakumpa mtu. Alisema hajamwona wa kumpa. Kila nikimtania kwamba ni mchoyo, alicheka tu.

Nakumbuka kaptula zake. Hakukubali mapaja yaonekane, kwa hiyo nilimshonea zinazopita magoti, na refa wa kwanza akadhani ni suruali iliyokatika.

Nakumbuka pia chumba chetu cha mwanzo, Kilburn. Nilikuwa nikipita na sinia, mara najikuta nimekamatwa mguu na mtu aliyelala kwenye zulia. "Sema kabaddi, mama, usipumue!" Mimi: "Niache, chai inamwagika, mwanamme huna haya!" Jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio. Hatukukoma.

Na nakumbuka ile mechi na timu ya Birmingham. Mshambuliaji wao aliingia anachechemea kidogo. Vijana wetu wote kwa pamoja: "Faki, mguu wa kushoto mbovu! Ukamate huo huo!" Yule bwana, kilemba kimekaa sawasawa, akasimama katikati ya uwanja akawageukia. "Huu ndio mzima, ndugu zangu," akasema. "Mbovu ni wa kulia. Mimi mtu wa Nakuru." Faki alicheka mpaka akakaa chini, na mtu wa Nakuru akamgusa kichwani, akarudi kwake anatembea. Tulifungwa. Baadaye wakala dengu na chapati pamoja, wakabishana ni mji gani una mvua nyingi.

Haya yote ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu leo, nimekaa kwenye gari la binti yangu Maryam. Nilimweleza alichokuja kuomba Gurmit. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mimi ndiye wa kuamua, lakini yeye angekataa.

Nilikuwa upande wake. Jina likipata mtu mwingine, watakaolitaja hawatakuwa wanamtaja Faki.

Uwanja ni ule ule. Sauti ya Kipunjabi kwenye vipaza sauti, mabirika makubwa ya chai, wazee kwenye viti vya kukunja. Lakini timu sasa ni vijana wa hapa hapa, na makelele yao ni ya Kiingereza. Nilikaa nikisubiri kusikia neno moja la Kiswahili. Mechi ya kwanza ikaisha. Sikusikia hata "kushoto".

Hapo nikaona nilikuwa nimelifikiri jambo upande mmoja tu. Nikilizuia jina, halitabaki na Faki. Litanyamaza.

Jaspal ni kijana mpana, masikio mekundu. Mtu wa kwanza alimponyoka. Wa pili akamgusa begani, akageuka, na Jaspal akashuka. Alishuka vibaya, kwa goti, na mikono aliikunja ovyo. Lakini alikuwa amengoja. Kabla ya kuguswa aliinamisha kichwa, na hakuna aliyemfundisha hilo.

Gurmit alinijia mezani kwenye chai.

"Mpeni," nikasema. "Lakini mwambie ashike kiwiko, asikunje vidole. Atavunjika."

"Wewe ndiye utampa, shemeji. Kofi la mgongo."

"Gurmit! Nimpige kofi kijana wa watu kifua wazi, mbele ya binti yangu?"

Wazee wakaangua kicheko. Tukakubaliana: mkono wa Gurmit, neno langu. Timu ikajipanga, Jaspal akainama. Gurmit, ambaye hakusahau kwamba yeye ni Kibao, alimzaba kofi lililosikika hadi barabarani. Nami nikasema, "Kufuli." Sauti ilitoka ndogo. Balbir akadai hakusikia, nirudie. Nikarudia kwa nguvu.

Maryam alikuwa ameenda kusimama kando, amenipa mgongo. Sikumfuata.

Mechi ya pili, katikati ya Kipunjabi chote kile, mtangazaji akalipaza: Kufuli! Shingo yangu ikageuka yenyewe kumtafuta Faki. Nikamwona kijana wa watu anainuka, anapangusa majani tumboni, anatabasamu. Iliniuma kweli. Nikapiga makofi.

Kwenye gari Maryam aliniuliza ningefanyaje kama baba yake alikuwa na mtu mwingine moyoni wa kumwachia jina.

Miaka yote ya ndoa, hata kununua zulia nilimwuliza kwanza, naye alisema "fanya unavyoona" kisha akatoa maoni yake kwa saa nzima. Leo nimeona, nimefanya, na maoni hakuna. Ni jambo kubwa la kwanza nililoliamua bila Faki.

Kesho yatakuja mengine ya kuamua.