Mkono na Mabuti

Songwa, Kishapu
3 Februari 2024

Kwako mume wangu Bujiku,

Mwangaluka. Kama u mzima mshukuru Mungu, kama unaumwa usinifiche. Mimi nipo. Magoti yananung'unika nikiinuka, mbuzi wako kazaa, pamba imeota ila mvua inatuchezea.

Nakuandikia kwa jambo moja. Binamu yako Nelly alipoolewa kule Kagongwa alikuja kunionyesha albamu nene kama Biblia. Kabandika kila kitu: picha, kadi, utepe wa keki, mpaka kipande cha shela. Nikaona wivu. Nikamwambia, hata mimi niliolewa. Akaninunulia albamu na gundi. Nimeshabandika kipande cha kitenge nilichovaa siku ile, na nywele za mkia wa yule ng'ombe mweupe aliyetangulia kwenye mahari yangu. Mama yangu alizikata akazitunza.

Shida ni picha. Tulipiga moja tu, studio ya Shinyanga mjini, mwaka 1976. Nimefungua sanduku nikakuta mchwa wamekula upande wa babu yako. Mimi nipo mzima, nimesimama kama mlingoti. Kwake yamebaki mabuti, na mkono wake begani kwangu. Kifua na kichwa hakuna. Picha nyingine hatuna, alikuwa mtu wa kukimbia kamera.

Na nikuambie kweli, Bujiku, sura yake inanitoka. Naitafuta pua yake, inakuja ya mdogo wake. Sitaki kufika siku nimwote mtu asiye na uso. Wote wanasema wewe ndiye yeye, ndiyo maana ukapewa jina lake. Kapige picha, kuanzia kifuani kwenda juu, uso mbele, bila kofia, bila kucheka. Nitaikata niibandike juu ya mabuti.

Usipige simu kwa jirani Valerian. Simu yake inapiga kelele kuliko kengele ya kanisa. Yeye huleta ng'ombe wa bucha huko kwenu, mpe barua.

Mkeo mkubwa,
Bibi Mbuke


Nyarugusu, Geita
25 Februari 2024

Kwako mke wangu wa ujana, Bibi Mbuke,

Shikamoo. Magoti yako yanasemaje? Mimi nadunda. Ningejua nimeoa mwanamke wa kucheza na gundi kama mtoto wa chekechea, ningeenda kwenu kudai ng'ombe wangu, yule mweupe wa kwanza.

Lakini umefika kwa mtu mwenyewe. Bibi, uso huu si wa mchezo. Hapa Nyarugusu nikipita wanasema "Bosi, Bosi," na si kwa sababu ya dhahabu tu. Nina duara langu, yaani shimo, maana nyie huko mmezoea mashimo ya almasi yenye uzio na mlinzi. Vijana wanashuka, mimi nakaa juu nafikiri. Shule niliiacha kidato cha pili ikiwa bado inanihitaji, sasa ona.

Nimekwenda kwa Ignas, fundi wa picha. Ana kompyuta inayomvalisha mtu suti bila kumvua fulana. Nimemwambia hii ni ya babu yangu siku ya harusi, fanya mambo. Akafanya. Suti nyeupe, gari jeusi nyuma, na maporomoko ya maji. Sharubu ni zawadi yake. Babu angejiona angeoa tena.

Mumeo kijana,
Bujiku


Songwa, Kishapu
17 Machi 2024

Kwako mume wangu mwenye sharubu za kompyuta,

Marahaba. Nimepokea. Mbuzi hajambo.

Hiyo picha nimempa Nelly acheke, mimi nilishacheka. Gari la nini? Babu yako alinichukua kwa baiskeli, mimi nyuma, sanduku langu kichwani, na mnyororo ulitoka mara nyingi mpaka kitenge kikapata grisi. Hiyo grisi ipo kwenye albamu, njoo uione. Maporomoko ya maji hapa Kishapu aliyaona nani? Suti hakuwa nayo. Alikuwa na shati jeupe la kuazima, na mabuti ya kazini, kwa sababu alitoka zamu ya usiku mgodini akaja kuoa. Fundi wa picha alimwambia, simama, miguu haitoki. Ikatoka. Sasa ndiyo imebaki.

Unajiita Bosi. Babu yako hakujiita chochote. Alipotaka kunioa aliniandikia barua. Wakati huo sikujua a wala be. Nikampelekea mwalimu wa kisomo cha watu wazima anisomee, na yeye, mpumbavu yule, akaisoma mbele ya darasa zima. "Mbuke, nikikosa kukuona pale kisimani chakula hakishuki." Wanawake walicheka mpaka mmoja akadondosha mtoto. Kesho yake nikajiandikisha kisomo, nijisomee mambo yangu mwenyewe. Ndiyo maana sitaki simu ya Valerian.

Piga picha ya mtu wa kawaida. Uso mbele.

Mkeo mkubwa,
Mbuke


Nyarugusu, Geita
21 Aprili 2024

Kwako mke wangu mkali,

Shikamoo. Chakula hakishuki! Bibi, nimewasomea watu wa kambi nzima, samahani, nimekuwa mwalimu wa kisomo. Tangu juzi mtu akinyimwa maharage anasema chakula hakishuki.

Nakutumia nyingine. Hakuna gari, ni pikipiki tu, tena ni ya rafiki ila nakaa juu yake kama yangu. Miwani usijali, ndiyo inayobeba sura. Kama haifai nitapiga ya kawaida, Jumapili moja nikipata nafasi. Wakubwa tuna shughuli.

Sasa nikuulize kitu, na usimwambie Nelly. Kuna binti anaitwa Kudra. Anauza wali kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe. Kwao Tabora. Nikimwambia mimi ni bosi, ananiambia, "Bosi, nawa mikono." Wenzangu wote anawapakulia wanajaa, mimi ananitazama kwanza. Hii ni dalili nzuri au mbaya? Babu alipata jibu baada ya barua ngapi?

Mumeo,
Bujiku


Songwa, Kishapu
12 Mei 2024

Kwako mume wangu,

Marahaba. Kwa hiyo unaniolea mke mwenza bila kuniuliza. Nitamsamehe kwa kuwa anakunawisha mikono.

Anayekutazama kwanza anapima. Acha maneno ya ubosi, yanamfanya apime muda mrefu. Babu yako barua moja tu ilitosha, ila jibu sikumpa kwa mdomo. Nilienda kisimani mapema nikamkuta kasimama, nikamtwisha ndoo yangu kichwani. Mwanaume kubeba ndoo ya kisimani, mchana, watu wanaona! Akaibeba mpaka kwetu. Kaka zangu wakajua hakuna la kukagua tena isipokuwa ng'ombe.

Na ule mkono begani. Miaka ile watu walipigwa picha wamenyooka kama askari, kila mmoja na mikono yake. Fundi alisema tayari, akaingia chini ya kitambaa, ndipo babu yako akanishika bega. Kaka zangu walikuwa mlangoni, walikohoa wote kwa pamoja. Hakuutoa. Ukiiangalia picha utaona mimi sijacheka lakini nataka.

Miwani sitaki. Nakusubiri Jumapili yako.

Mkeo,
Mbuke


Songwa, Kishapu
18 Agosti 2024

Bujiku,

Hujambo? Valerian amekwenda huko mara mbili na kurudi mikono mitupu. Anasema hakukukuta, na waliokuwepo walitazama chini. Pamba tumeshauza. Mbuzi wako wameongezeka.

Umekufa au umeoa?

Bibi


Nyarugusu, Geita
22 Septemba 2024

Kwako Bibi,

Shikamoo. Mimi mzima. Kazi zilizidi, si unajua.

Picha hiyo hapo, ya kawaida kama ulivyotaka. Ignas anasema siku hizi mtindo ni kupiga mtu ubavu, hata kwenye sarafu wanakaa hivyo. Kata tu ubandike.

Bujiku


Songwa, Kishapu
6 Oktoba 2024

Bujiku,

Marahaba. Nilisema uso mbele.

Geuka.

Bibi


Nyarugusu, Geita
3 Novemba 2024

Kwako Bibi yangu,

Shikamoo. Sikuandika haraka kwa sababu nilikuwa naandika na kuchana.

Duara si langu. Mimi naponda mawe ya watu kwa nyundo, nalipwa mfuko wa mawe, nasaga, napata ninachopata. Mwezi Juni, siku ya kawaida kabisa, kipande kiliruka. Kidogo, kama punje ya mtama. Kikaingia jicho la kushoto. Walinipeleka Mwanza, madaktari wakafanya walichoweza, jicho likafungwa moja kwa moja. Na shavu limevutwa juu kidogo, kwa hiyo ninaonekana kama mtu anayepanga uongo hata nikisema kweli. Angalau mimi na sura tumeelewana.

Kwa hiyo uso wa babu uliokuwa unautaka sina tena, Bibi. Ulikuwepo Februari, nikauwekea sharubu. Ulikuwepo Aprili, nikauwekea miwani. Ningekaa kwenye kiti cha Ignas mara moja tu bila mbwembwe ungekuwa nao sasa hivi. Hilo ndilo lililokuwa linanizuia kuandika, zaidi ya jicho lenyewe. Jicho lingine linatosha. Nalenga jiwe vizuri tu, na sasa navaa miwani ya kazi, ile niliyokuwa nawaambia wenzangu ni ya waoga.

Nyumbani sitakuja kwa sasa. Acha watu wa Songwa wabaki na ile ya pikipiki.

Kudra ananipakulia mpaka sahani inafurika. Sipendi. Nadhani ni huruma.

Mjukuu wako,
Bujiku


Songwa, Kishapu
24 Novemba 2024

Kwako mume wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako peke yangu, mlango umefungwa. Nikalia kidogo, nikaenda kufunga mbuzi.

Umesaini mjukuu. Nani kakupa talaka?

Sikukuomba jicho, nilikuomba uso, na uso mtu anakuwa nao mpaka anazikwa. Piga picha hivyo hivyo. Mimi mwenyewe gunia silioni mpaka nijikwae, hayo macho ya kukukagua ninayo wapi?

Kuhusu huyo binti, huruma haifurishi sahani miezi yote hiyo, wali una bei. Mpe ndoo abebe, au beba yake.

Usilete picha ya ubavu.

Mkeo mkubwa,
Mbuke


Nyarugusu, Geita
29 Desemba 2024

Kwako mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Talaka imefutwa.

Nilibeba ndoo. Si ya maji, ya ukoko na maji machafu ya vyombo, kutoka makarasha mpaka nyuma ya soko, na kambi nzima wanaona. Walipiga miluzi. Kudra anatembea pembeni, tukafika akasema, "Bosi, hata kumwaga hujui, umejimwagia." Halafu akaniambia, sahani ilikuwa inafurika kwa sababu nilikuwa nimekonda, na jicho haliuzwi sokoni kwa hiyo niache kulitafuta. Jibu ndilo hilo, kama ni jibu. Mama yake, Mama Mwamvua, anataka kuona watu wetu kabla sijaongea zaidi.

Nikaenda kwa Ignas. Kudra akasema haniamini peke yangu, akaja. Ignas akatusimamisha. Alipotaka kupiga, mkono ukaenda wenyewe begani kwa Kudra. Sikumwiga babu, Bibi, naapa. Mabuti ni ya kazi, tulitoka moja kwa moja. Ignas hakuniambia kuwa miguu haitoki.

Uso uko mbele. Hauna sharubu. Mkate Kudra pembeni, unibandike mimi juu ya mabuti, amekubali, anasema yeye atapiga nyingine siku akivaa vizuri.

Mumeo,
Bujiku


Songwa, Kishapu
19 Januari 2025

Kwako mume wangu Bujiku, na mke mwenzangu Kudra,

Marahaba wote wawili. Mbuzi sasa wanatosha kumpokea mgeni.

Picha nimeipata. Nimekaa nayo mlangoni penye mwanga, mkasi mkononi, albamu imefunguliwa pale kwenye mabuti. Nikaanza kumkata Kudra. Nilipofika karibu na bega lake nikasimama. Nikipitisha mkasi hapo, anabaki binti na mkono wa mtu asiyekuwepo. Nikasema, basi mimi na mchwa tuna tofauti gani?

Nikauweka mkasi. Nikakutazama vizuri, mume wa watu, uso mzima, na hilo shavu la kupanga uongo. Nikatazama sana. Nikagundua hufanani na babu yako hata kidogo. Watu wa Songwa wote waongo. Pua yako imelala, yake ilisimama na ilikuwa na kovu la ndui kwenye ncha, hapa kulia. Paji lako pana, lake lilikuwa dogo, kofia zote zilimshuka. Kila nilipokukuta si yeye, yeye akaja. Nikamwona mzima, mpaka lile shati la kuazima lililombana shingoni. Nikacheka peke yangu. Nelly akatoka jikoni akauliza nini, nikamwambia, babu yako huyo.

Kwa hiyo pale juu ya mabuti nimepaacha wazi. Sipahitaji tena. Yenu nimeibandika nzima ukurasa unaofuata, ina mkato mdogo ukingoni, nisameheni.

Valerian ataleta ng'ombe huko mwisho wa mwezi. Rudini naye. Kaka zangu wawili bado wapo hai, tutakwenda wote Tabora kwa Mama Mwamvua, na wakikohoa msiwajali. Mkata nywele za mkia wa ng'ombe wa kwanza nitakuwa mimi.

Gundi bado ipo nusu.

Mkeo mkubwa,
Bibi Mbuke