Kasuku wa Kindu Juu ya Mlingoti

Mpendwa binti yangu Faida,

Nakusalimu katika Bwana, mimi mama yako, hapa hapa Point, karibu na bandari ya Durban, uliponiacha. Mama mchungaji ameniomba barua hii niiandike wazi, isomwe na akina mama wengine wa kanisa ambao watoto wao wako mbali. Kwa hiyo usishangae nikieleza mambo unayoyajua. Wao hawayajui. Na lile uliloniuliza kwenye simu, kama ubaki kwenye hicho kisiwa cha bahari ya Karibi ao urudi Durban, nitalijibu humu humu. Lakini unanijua, mimi sijibu kabla sijauliza yangu.

Kwanza, mnalalaje? Ulisema kitanda chako kiko kwenye pua ya mashua na kina pembe tatu. Miguu unaiweka wapi? Na usiku, Pieter mwenye mashua na bibi yake wakisinzia, nani anaangalia njia? Ulinitumia picha ya wale watoto wao wawili wakisoma hesabu, nyuma yao chungu kimefungwa kwenye jiko kwa vyuma ili kisimwagike. Niliiangalia mpaka simu ikazimika. Nilitaka kujua kama ugali unasongeka jiko likicheza namna hiyo.

Unakumbuka Pieter alivyoingia mara ya kwanza kwenye chumba chetu cha kushonea? Alikuja na turubai ya kufunikia tanga, imepasuka kati. Tulipoishona ikatoka vizuri, akarudi na ombi lingine: bendera. Familia yake ilikuwa inajiandaa kwenda kuzunguka visiwa kwa mashua, kisiwa baada ya kisiwa, na karibu kila kisiwa ni nchi ya kujitegemea. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba mashua ya mgeni inapandisha bendera ya mwenyeji, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Nikafurahi. Kumbe hata baharini kuna adabu.

Tukaanza na Grenada. Nikakuuliza, hili tunda la pembeni ni nini? Ukatafuta kwenye simu, ukasema ni kungumanga.

"Nchi gani inaweka kiungo cha jikoni kwenye bendera?"

"Nchi inayojua kinachoilisha, mama."

Ile bendera tuliishona sawa na pazia la madhabahu, kwa sababu kwetu kanisani kitambaa kikiwa kikubwa ndipo heshima inakuwa kubwa. Na hatukuishia kwa Grenada, tukaendelea na ya Sent Lusia na nyingine, zote za kipimo hicho. Pieter alipokuja akazitandaza sakafuni, akazipima kwa hatua. Halafu akasema, "Eish, mama, nikipandisha hizi sitahitaji tanga." Kumbe alitaka ukubwa wa taulo ya jikoni. Tukakata upya. Mabaki tukawagawia akina mama wa kwaya wafunge vilemba, na Jumapili ile Mama Zawadi, yule Mrundi wa sauti ya kwanza, akakuuliza hii rangi yake ya buluu ni ya sherehe gani.

"Ya Sent Lusia, mama."

"Huyo simfahamu. Sisi tuko walokole."

Ulitoka nje kucheka. Mimi nilibaki, nikamsaidia kufunga vizuri.

Ya mwisho ilikuwa ya kisiwa cha Dominika, nayo ina kasuku katikati. Umeme ulikatika siku hiyo, simu yako haina chaji, na Pieter anazitaka kesho yake. Nikamtarizi kasuku wa kichwani mwangu kwa mwanga wa dirishani. Kasuku ninayemjua mimi ni mmoja tu, yule wa jirani yetu kule Kongo, pale Kindu, wa kijivu, mkia mwekundu, aliyekuwa anaita mbuzi kwa majina mpaka wanarudi. Umeme uliporudi ukaona wao kasuku wao ni wa kijani na zambarau.

"Mama, huyu ni wa kwetu."

"Kasuku ni kasuku. Nani atapanda mlingoti kumkagua?"

Pieter akazichukua bendera, akakuchukua na wewe uwafundishe watoto wake safarini. Basi yuko mtu wa kumkagua. Ulinisimulia kwamba mkifika nchi mpya mnapandisha kwanza kitambaa cha njano, maana yake bado hatujapokelewa, na hakuna anayeshuka isipokuwa nahodha na pasipoti zenu. Nimekifikiria sana hicho kitambaa. Mimi na baba yako, Mungu amrehemu, tulikaa chini yake miaka mingi hapa Durban tukingoja makaratasi, ila sisi hatukuonyeshwa kamba ya kukishushia. Ninyi Dominika mlikishusha siku hiyo hiyo, mkapandisha bendera yangu, na afisa wa bandari akainua macho.

"Huyo ndege katoka wapi?"

Pieter akawa mwekundu, anatafuta maneno ya kuomba radhi. Wewe ukajibu, "Katoka Kongo. Mama yangu ndiye aliyemshona."

Natamani ningekuwepo. Huyo afisa alicheka namna gani? Kwa dharau ao kwa furaha? Ulisema kwa furaha, tena akamwita dada yake aje aone. Na huyo dada, mwenye shule ya chekechea hapo karibu na gati, alipofika akamsahau ndege. Alikukuta umekaa chini na watoto wa Pieter mkihesabu kwa kokoto, akasimama pale muda mrefu. Kesho yake akakuuliza kama unataka kazi. Mwalimu wake ameondoka, makaratasi yako atayashughulikia mwenyewe. Na mashua inang'oa nanga Ijumaa.

Ukanipigia simu. Nikauliza maswali, kama kawaida. Ukaniambia uliingia dukani ukauliza bei ya mkate, na muuzaji akakutazama tu mpaka uliposema habari za asubuhi. Nikasema, hao ni watu. Ukaniambia wanalima muhogo lakini majani wanayatupa. Hilo limenisumbua kuliko yote. Sombe yote ile inaenda wapi?

Halafu ukasema neno ambalo sijalala nalo vizuri. Tulipotoka Kindu kuja huku ulikuwa mdogo, na kila mpaka tuliovuka uliniuliza, "Mama, ndiyo hapa?" Nami nikajibu, "Bado." Hata usiku wetu wa kwanza hapa Durban, kule Cato Manor, uliuliza, nikajibu hivyo hivyo, maana nilikuwa nimechoka na sikujua. Sasa umeniambia, "Mama, hapa sikuuliza. Niliamka tu, nikaenda kununua mkate."

Mama Zawadi anasema nikuite urudi. "Una mtoto mmoja wa kike, unamwachia bahari?" Nilikubaliana naye. Tangu baba yako atutoke tuko wawili tu, na mashine yako ya kushonea iko imefunikwa kitambaa, naizunguka nikipita. Nikaingia kwenye maombi nikitaka Mungu akubaliane nasi. Lakini kila nikipiga magoti yanakuja maswali. Maji huko yanatoka bombani ao mtoni? Kanisani wanaimba wamesimama? Jirani yako atakuwa nani, na akipika, harufu itafika kwako? Nikashangaa, sikuwa naomba urudi hata kidogo. Nilikuwa natembea kwenye hicho kisiwa nikikutafutia nyumba.

Kwa hiyo nasema mimi niliyekuzaa: baki, Faida. Nimesema kwa kinywa changu, na akina mama wanaosoma hapa ni mashahidi. Nitalia, hilo lisikusumbue, ni machozi ya kwangu.

Ijumaa usisimame kwenye gati mpaka mashua ipotee. Wale watoto wa Pieter watakulilia. Wakumbatie mara moja, mshukuru baba yao na mama yao, kisha ugeuke utembee. Jumatatu kutakuwa na watoto wengine wamekaa sakafuni, hawakujui jina, wanangoja uwaambie wewe ni nani. Waambie jina lako lote, na la baba yako, na ulikotokea, polepole, mpaka waweze kulitamka.

Bwana akufungulie mlango na akae nawe ndani.

Ni mimi,
Mama yako