Nani Anamdhamini Bwana Hamadi?

Mpwa wangu Saidi,

Marahaba, najua ushaniamkia huko Tanga. Mimi mzima, ila roho inaniuma. Mama yako mdogo Zuhura, niliyemfunza mimi hata kuwasha jiko, leo anapika sabuni za mwani hapa Chwaka kwa mkopo wa kikundi cha akina mama. Wageni wanazinusa utadhani wanataka kuzila!

Nikasema na mimi nikope, niuze supu ya pweza Forodhani. Pweza ninaowavua mimi, mmoja analisha harusi nzima. Nikaenda mkutanoni kwao. Mwenyekiti akauliza, "Nani anamdhamini Bwana Hamadi?" Maana kwao mmoja akishindwa kulipa, wanalipa wote. Nikamtazama Zuhura.

"Kaka," akasema, "mimi nakudhamini chakula cha mchana tu."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi, niliyemvuta papa kwa kilemba!

Basi leo, kwa hicho chakula cha mchana, nimeshinda nafunga sabuni zake kwenye karatasi, na nnakwambia, hakuna anayefunga kama mimi. Nimekuwekea mbili. Zinanukia vizuri sana, lakini hilo Zuhura asilisikie.

Mungu akutunze, mwanangu, na ule ushibe.

Mjomba wako Hamadi