Signe na Dubu wa Theluji

Dada yangu Verna,

Ninyi huko Arizona mnaota jua, sisi Minnesota theluji imefika madirishani. Keki yangu ya tufaha imezishinda zote kwenye mashindano ya kanisani, wala sijisifu.

Nilikuficha jambo. Tangu tuhamie mji huu, Signe wangu alichukia shule. Hakuwa na rafiki. Kila usiku alivaa pajama ndani nje, ile imani yetu ya utotoni, ili theluji nyingi ianguke shule ifungwe. Nami nikilia bafuni.

Basi likaja juma la shamrashamra za majira ya baridi shuleni, kila darasa likachonga sanamu ya theluji uwanjani. Darasa la Signe likachonga dubu, na kichwa chake kachonga mwanangu, dada, utadhani kitanguruma! Jana, siku ya mashindano, redio ikatangaza shule imefungwa kwa theluji. Signe akapiga kelele, "Hawawezi!"

"Si ulikuwa unaomba?"

"Mama, usinianze!"

Mara wasichana watatu mlangoni, koleo mabegani. "Signe, toka bwana, dubu wetu kafukiwa!"

Katoka mbio kichwa wazi. Nikamfokea avae kofia, kisha nikaketi nikacheka mpaka kahawa ikapoa.

Mama wa fundi,
Arlys